Kaye ya Butiki Yetu

Kiangazi kilichopita kijana mmoja alifika kwetu jioni, akavua kofia, akamsalimia mama, kisha akauliza: "Mama, ile kaye ya papa ingali iko?"

Kaye ndiyo daftari, kwa ndugu zetu Watanzania wanaosoma jarida hili. Na ile aliyoulizia ni kaye tatu za shule zilizoshonwa pamoja kwa uzi wa nyavu, jalada limekatika, zimefungwa ndani ya kipande cha turubai. Ni kaye ya madeni ya butiki ya baba. Tulipovuka ziwa Novemba 1996 baba aliacha mabati, akaacha mizani, akaacha baiskeli mpya ambayo alikuwa hajaipanda hata mara kumi. Kaye aliibeba tumboni, chini ya shati. Hapa Nyarugusu majirani walimcheka. Eti mzee amekimbia na madeni ya watu!

Kijana alikuwa amepata safari ya Marekani, amebakiza siku chache tu kambini. Mama yake alimwambia asipande gari kabla hajapita kwa mzee wa butiki, kwa sababu marehemu baba yake alikuwa ameandikwa. Tukafungua kaye juu ya mkeka. Tangu siku hiyo mimi nimekuwa naisoma, si kama mwana wa mwenye duka, bali kama mwalimu wa historia, kazi ambayo nimeifanya hapa kambini miaka mingi bila kutambua kwamba kitabu kimoja cha historia kinalala chini ya kitanda cha mama.

Kijiji sitakitaja jina. Kiko kando ya ziwa, katika teritware ya Fizi, juu ya ile barabara inayotoka Uvira kwenda Baraka. Aliyepita huko ameshapita mbele ya mlango wetu. Wenye madeni wako hai, wengine wanasoma hapa, na deni ni siri ya watu wawili.

Barabara yenyewe ilikuwa fupi. Kutoka kwenye daraja la mto mpaka kwenye mwembe mkubwa wa barza, mtoto angeweza kukimbia bila kupumzika. Upande wa milima kulikuwa na nyumba za matofali zenye baraza, ndizo butiki. Upande wa ziwa kulikuwa na vibanda na meza, na nyuma yake njia za kushuka ufukoni. Usiku wa giza mitumbwi ilikwenda kuvua ndagala kwa taa za karabai, na kutoka barazani ungeona ziwa limewaka kama mji. Alfajiri walirudi. Saa kumi na mbili barabara ilikuwa tayari inanuka samaki na mandazi, kina mama wanagombania ndoo, mashine ya kusaga mihogo imeanza kulia, na fundi wa kinga, yaani baiskeli, amepindua ya kwanza miguu juu.

Watu wa milimani walifika baadaye, jua likiwa limepanda, kwa sababu walitembea usiku na asubuhi nzima. Walileta maharage, maziwa, siagi, na siku ya soko ng'ombe wa kuuza. Walirudi na chumvi, sabuni, mawese, vitambaa. Chumvi ndiyo ilikuwa mfalme wa barabara. Nyingine ilivuka ziwa kutoka Kigoma, chumvi ya Uvinza. Hilo si jambo la jana. Kabla Mbelgiji hajaja na kabla ya Mjerumani upande huu, chumvi ya Uvinza ilikuwa imeshasafiri kwa mitumbwi kuzunguka ziwa lote, na soko la Ujiji lilikuwa na fedha yake ya shanga, ambayo Stanley aliikuta na kuiandika. Mimi hucheka ninapowasikia watu wakisema sisi wakimbizi tumekuja "nchi ya kigeni". Babu zetu walikula chumvi ya mkoa huu huu wa Kigoma.

Sukari ilitoka Kiliba, karibu na Uvira, kwenye kiwanda kile ambacho vita vya 1996 vilikifunga. Mawese yalikuwa ya kwetu, Fizi yote ni michikichi. Betri, nyembe, mafuta ya taa, daftari za shule vilitoka Bujumbura, vingine kwa njia ya halali na vingine kwa njia ya usiku, na mimi sitajifanya mtakatifu hapa. Butiki ya baba ilikuwa na patenti iliyobandikwa ukutani. Lakini nusu ya barabara haikuwa na patenti yoyote. Hao ni kina mama wa upande wa ziwa, wenye meza ya ndagala, ya mihogo, ya mkaa. Walikopesha kama sisi, tena zaidi ya sisi, ila wao hawakuandika. Mama yangu alikuwa mmoja wao kabla ya kuolewa na baada ya kuolewa. Aliweza kukutajia jioni watu ishirini na kila mmoja amechukua mafungu mangapi. Baba alisema kaye yake inasomwa na panya, ya mama haisomwi na mtu.

Mfanyakazi wa shirika akisoma hapa anaweza kuuliza: kwa nini kijiji chenye samaki na mawese kiliishi kwa mkopo? Jibu liko pembeni mwa kurasa. Baba alichora duara ndogo karibu na tarehe. Duara tupu ni mbalamwezi. Duara lililojazwa wino ni giza. Mwezi ukiwa mpevu taa za karabai hazina kazi, ndagala hawafuati mwanga, mitumbwi inalala mchangani na wavuvi wanatengeneza nyavu. Siku hizo barabara nzima ilikula kwa kaye. Mvuvi alichukua mafuta na sabuni, mke wake alichukua unga kwa jirani, fundi cherehani aliambiwa asubiri. Giza likirudi, katika siku tatu nne mistari inaanza kukatwa, mmoja baada ya mwingine, ukurasa mzima. "Papa, uniandike, mwezi ikiingia giza nitaleta." Hilo nimelisikia utotoni mara nyingi kuliko salamu.

Kulikuwa na kalenda ya pili, ya serikali. Walimu, karani wa kolektivite, muuguzi wa dispensari, hao waliandikwa kwa "mwisho wa mwezi". Katika kaye ya kwanza, iliyoanza mwaka 1983, kalenda hizo mbili zinakwenda sambamba. Katika ya pili, ile ya serikali inaanza kuchelewa. Mstari wa mwalimu unakaa miezi miwili bila kukatwa, halafu mitano. Katika ya tatu hakuna tena maneno "mwisho wa mwezi". Duara za mwezi zimebaki. Ukitaka kujua lini Zaire ilikufa kwetu, usitafute tarehe ya vita. Tafuta ukurasa ambapo baba alichoka kuandika maneno hayo.

Kwa nini kaye inaanza 1983? Kwa sababu Septemba mwaka huo zaire ilishushwa thamani kwa zaidi ya robo tatu, na baba aliona safu za kaye yake ya zamani hazitoshi tena kwa tarakimu. Aliinunua mpya, akaigawa safu pana zaidi. Masikini, alidhani amemaliza.

Turudi nyuma kidogo, kwa yale niliyosimuliwa. Zaire ilizaliwa mwaka 1967. Zaire moja ilichukua nafasi ya franga 1,000, ikagawanywa makuta 100, na ilikuwa na thamani ya dola 2. Babu yangu alikuwa mtumishi katika duka la tajiri mmoja wa kigeni, maana wakati huo maduka makubwa ya pwani yetu yalikuwa ya Wagiriki, Wahindi na Waarabu. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire. Watu wa kwetu walishangilia, nami ningeshangilia. Lakini duka la tajiri wa babu halikupewa babu aliyelijua kila msumari. Alipewa mtu wa mjini mwenye kadi nzuri ya chama. Aliuza bidhaa zote hadi rafu, na hakununua nyingine. Mwaka 1976, serikali ilipokuwa inawaita wageni warudi, lile duka lilikuwa nyumba ya popo. Babu alichukua baraza lake, akaanza kuuza chumvi kwa kopo. Butiki yetu ilianzia kwenye baraza hilo.

Akaweka akiba. Benki ilikuwa mbali, na babu aliamini sanduku. Siku ya Noeli 1979 redio ikatangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazifanyi kazi tena, watu wazibadilishe katika siku chache, tena kwa kiasi kilichowekwa. Siku chache! Kutoka kijijini kwetu, msimu wa mvua, barabara matope matupu, gari moja kwa wiki kama Mungu akipenda. Babu alifika Uvira akakuta foleni inayozunguka jengo, akarudi na sanduku lile lile. Mama anasimulia kwamba watoto wa barabara nzima walicheza duka kwa noti halisi mwezi mzima, wanauziana majani ya mwembe kwa zaire 10. Babu hakuwakataza. Alikaa barazani akitazama, halafu akamwambia baba neno ambalo baba alilirudia mpaka kufa kwake: "Mutu anaweza kukosa kulipa. Lakini makaratasi, hiyo haikujui hata jina."

Basi baba alipochukua butiki alipenda deni kuliko noti. Watu wanadhani mwenye duka anakopesha kwa huruma. Huruma ilikuwepo, sikatai. Ila baba alikuwa mfanyabiashara. Noti iliyolala kwenye sanduku ilipungua kila siku. Mtu aliyeandikwa kwenye kaye alirudi, na alirudi na kazi zake, samaki wake, watoto wake wa kuagiza dukani.

Fundi cherehani wa jirani yetu naye alifundishwa historia na serikali. Tangu 1972 suti na tai zilikatazwa, mwanaume wa heshima avae abakosti. Fundi alipata mkate wake hapo: abakosti za walimu, za chifu, za maharusi. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu akatangaza vyama vingi, na humo humo akasema tai ruksa. Kijijini watu walijadili vyama vingi kwa siku mbili, tai kwa wiki nzima. Fundi akaagiza vitambaa vya makoti. Makoti hayakushonwa hata matano, kwa sababu zilikuja bunda za chagua kutoka Bujumbura, makoti ya Ulaya yaliyokwisha kuvaliwa, kwa bei ya kifungo. Deni la vitambaa vile limo katika kaye yetu, na limekatwa kwa mstari wa kalamu nyekundu, maana baba alilisamehe. Kalamu nyekundu ni mara nne tu katika kaye zote tatu.

Halafu ikaja miaka ya moto. Septemba 1991 askari wasiolipwa walipora Kinshasa, na tangu hapo noti zilikuja na sifuri mpya kila msimu. Ninasoma bei ya sabuni ile ile ukurasa hadi ukurasa: mamia, maelfu, mamia ya maelfu. Mwishoni mwa 1992 mwalimu wangu mwenyewe wa darasa la sita ameandikwa zaire milioni 6. Milioni sita! Kwa thamani ya 1967 mwalimu yule alikuwa na deni la dola milioni 12, kwa ajili ya sukari, sabuni na biki mbili.

Ukurasa wa mwalimu ndio wa mwisho wenye pesa. Januari 1993 ilitoka noti ya milioni 5. Waziri mkuu, Tshisekedi, akasema si halali, wenye maduka wakaikataa, Mobutu akawalipa askari kwa noti hizo hizo, na askari walipokataliwa madukani wakafyatua risasi Kinshasa. Mimi kwa macho yangu niliiona moja tu. Askari wa kizuizi cha barabarani aliingia kwetu, bunduki begani, akaiweka mezani, akataka paketi ya sigara. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la chumvi. Kuikubali ni hasara, kuikataa ni balaa. Baba akaitazama noti kwa heshima kubwa, akairudisha kwa mikono miwili, akasema: "Mukubwa, hii ni feza nyingi, sina chenji. Nikuandike." Akafungua kaye. Mpaka leo imo: *askari wa barieri, sigara paketi 1*. Haijakatwa.

Tangu siku hiyo baba hakuandika pesa tena. Aliandika vitu. Sabuni mche 1. Chumvi kilo 3. Mafuta ya taa chupa 2. Aliyechukua chumvi alirudisha chumvi, au ndagala ya thamani ya chumvi siku ile, au franga za Burundi kwa bei ya soko la siku ile. Hakuna mkutano ulioitishwa. Ndani ya miezi michache barabara nzima ilikuwa inahesabu hivyo. Oktoba 1993 serikali ikaleta zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Kule Kasai walizikataa kabisa, kwetu zilitumika kulipia mandazi. Tulipokuwa tumeshafika hapa, tarehe 30 Juni 1998, ikaja franga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Jioni moja nilikaa nikapiga hesabu ya deni la mwalimu wangu kwa kufuata sheria. Milioni 6 za zamani ni zaire mpya 2. Ili wafikishe franga moja tu, wanahitajika walimu 50,000 wenye deni kama lake.

Kwa hiyo msidhani barabara iliuawa na njaa au na kushuka kwa pesa. Ninasikia mara nyingi katika semina kwamba kwetu hapakuwa na "uchumi" mpaka msaada ulipokuja. Kaye ya tatu ndiyo nene kuliko zote. Butiki mbili mpya zilifunguliwa 1994. Jumamosi tulifagia mbele ya milango kama enzi za salongo, bila kuamriwa na mtu. Wakimbizi wa Burundi waliofika baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993 wamo ndani ya kaye, kwanza kama "Murundi wa mashine" au "mama Murundi mrefu", halafu kwa majina yao, na hapo nilijua wamekuwa watu wa barabara.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikizunguka.

Katika kaye ya tatu kuna kurasa nne zilizokatwa. Hazikuchanika. Zimekatwa kwa wembe, karibu kabisa na mshono, kwa uangalifu. Kijana wa Marekani aliziona, akaniuliza kama ni panya. Nikasema ndiyo.

Si panya. Nilikuwa nimeshika taa.

Zilikuwa kurasa za watu wa milimani, Wanyamulenge walioshuka na maziwa, siagi na maharage. Baba aliwawekea kurasa zao kwa sababu hesabu yao ilikwenda pande mbili. Wao walichukua chumvi na sabuni, sisi tulichukua maharage na siagi, na siku nyingi sisi ndio tuliokuwa tunadaiwa. Walikuwa na mahali pao pa kukaa barazani, chini ya patenti. Mzee mmoja wao, mwenye fimbo ndefu, alikuwa ananiletea maziwa katika kibuyu kidogo na kuniambia nikue haraka nimlipe mimi, kwa sababu baba yangu ni mzito.

Mwaka 1996 maneno yalianza kuingia barabarani kabla ya risasi. Nani anauza kwa nani. Nani anakunywa maziwa ya nani. Septemba katika vijiji vya pwani yetu Wanyamulenge waliuawa, na majirani wa watu hao walikuwepo. Mwanzoni mwa Oktoba makamu wa gavana wa Kivu Kusini alitangaza kwamba Wanyamulenge wote waondoke ndani ya wiki moja. Mwisho wa Oktoba Uvira ilianguka mikononi mwa AFDL, na waliokuja nao waliua, wakimbizi wa Burundi na Rwanda, na watu wetu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 imeandika mauaji ya pande zote mbili, na ninawaomba vijana wanaobishana pale kwenye kahawa waisome yote, si ukurasa wanaoupenda.

Usiku mmoja wa Septemba vijana wa kijijini, watoto ambao baba aliwauzia biki za shule, walikuwa wamepita butiki kwa butiki wakiuliza nani ana "majina". Baba alifunga mlango, akaniambia: "Shika taa, usiangalie." Niliangalia. Alikata kurasa nne, akazichoma moja moja ndani ya kopo la kupimia chumvi, akatoka nje kumwaga majivu. Asubuhi kopo lilikuwa limesuguliwa kwa mchanga, linang'aa, na tulipimia watu chumvi kama kawaida.

Kwa miaka mingi nilijivunia usiku ule. Nilijisimulia kwamba baba aliokoa watu: aliyekuwa na majina angejua nani wa kumtafuta na katika kitongoji gani. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba alijiokoa mwenyewe, na sisi watoto. Sikulaumu hilo na silaumu leo. Lakini nilipoisoma kaye upya kiangazi hiki, nikiwa na umri sawa na wake wakati ule, nilikutana na kitu kingine. Kurasa zile zilikuwa za pande mbili. Alipochoma majina yao alichoma pia alichokuwa anadaiwa. Na hakuwapelekea neno wasishuke. Nimeuliza. Mama amesema hakuwapelekea.

Baba alifia hapa Nyarugusu, kwa ugonjwa, kitandani. Katika siku za mwisho alikuwa akitajataja chumvi. Wauguzi walidhani ana kiu.

Yule kijana alipata ukurasa wa baba yake. Juni 1996, duara tupu, mbalamwezi: betri 4, mafuta ya taa chupa 2, sabuni mche 1, chumvi kilo 3. Alitaka kulipa kwa shilingi. Mama akakataa, akasema imeandikwa vitu. Kijana akaondoka, tukadhani amekasirika. Alirudi baada ya saa mbili kutoka sokoni na mfuko: betri, sabuni ya mche, chumvi, na badala ya mafuta ya taa tochi ndogo ya jua, maana mafuta ya taa hakuyapata. Mama alizihesabu betri moja moja. Akachukua kalamu, mwanamke ambaye hajawahi kuandika, akakata mstari mwenyewe, umepinda kama njia ya ng'ombe. Wakalia kidogo wote wawili. Mimi nikachemsha chai.

Alipoondoka nilimuuliza mama kuhusu zile kurasa nne. Nilikuwa sijawahi kumuuliza. Nilidhani atasema amesahau. Alikuwa anapepeta unga, hakuinua macho.

"Mifuko mbili ya chumvi," akasema. "Ile mikubwa. Ya mzee mwenye fimbo. Na ya ndugu yake, sabuni karto moja. Ya mwanamke wa siagi ilikuwa imekwisha kulipwa, nililipa mwenyewe kwa ndagala. Ya yule kijana mwenye kovu, mabati tatu, baba yako alikopa tukapaulia jiko."

Akaendelea. Alitaja watu kumi na mmoja, kwa mpangilio wa kurasa, na vitongoji vyao vya mlimani, na nani mtoto wa nani. Nimeviandika vyote katika kaye mpya. Majina sitayachapisha hapa, kwa sababu ile ile ya mwanzo na kwa sababu nyingine pia.

Nasikia jarida hili hupelekwa na wasafiri mpaka Nakivale na Kyangwali, na kwamba kuna wanaolisoma Burundi. Kama kwenu, katika miaka ya 1990 mpaka Septemba 1996, kulikuwa na mtu aliyeshuka na siagi kwenye butiki ya matofali, ya tatu kutoka darajani, ambayo patenti yake ilikuwa imebandikwa juu ya mahali mlipokaa, basi mnajua ni ipi. Mzee mwenye fimbo alikuwa na neno aliloniita nilipokuwa mtoto. Anayelijua neno hilo alitume kwa mhariri. Mifuko miwili nimeanza kuitafuta. Mmoja tayari uko chini ya kitanda cha mama, karibu na kaye, na ni wa Uvinza.